Sauti ya walio pembezoni: inabadilisha fikra za wakubwa, au inasikilizwa tu? (Mtwara na Lindi)

#1 Kitangari_Juu

Salaam wakuu. Nimeleta hili makusudi kwenye jukwaa la Kusini, kwa sababu mifano tunayo.

Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya korosho takribani tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zikabaki kama tani 16,500. Kauli iliyozoeleka maofisini ilikuwa moja: mkulima wa Kusini mvivu, ameacha shamba. Mkulima mwenyewe alikuwa na maelezo yake tangu siku ya kwanza. Operesheni Vijiji ilimhamisha, mikorosho ikabaki kule kwenye mahame.

Asiyeijua korosho hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Korosho haichumwi mtini kama chungwa, inaokotwa chini ikishadondoka. Chini ya mti pasipofyekwa kabla haijaanza kuanguka, inaingia kwenye majani, inapata ukungu, au moto wa msitu unapita nayo. Kwa hiyo shamba lililo kilomita nane kutoka kijijini linataka safari mbili: ya kufyeka, halafu ya kuokota kila baada ya siku chache kwa miezi miwili au mitatu, mzigo ukirudi kichwani. Na bei ya wakati ule ilikuwa hailipi hata huo mguu.

Leo maelezo hayo ya mkulima ndiyo yanayokubalika na wasomi. Swali langu: yalishinda kwa sababu yalisemwa, au kwa sababu korosho ziliisha na dola zikakatika? Mtu wa pembezoni anaweza kweli kubadilisha fikra zinazotawala, au anasubiri tu mambo yaharibike ndipo aonekane alikuwa na akili?

#2 Salfa_Alfajiri

Mkuu, umeacha ubwiriunga. Ugonjwa ule ulionekana nchini 1979, na ndio uliomaliza maua. Unga mweupe ukishakaa kwenye ua changa, ua linakauka, hakuna tunda. Ungemrudisha mkulima chini ya mkorosho wake na bei ukamwongezea, bado asingevuna.

Kilichookoa zao ni salfa ya unga kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara. Takribani robo kilo kwa mti kwa mzunguko mmoja, mizunguko hadi mitano, kila baada ya wiki mbili, ukianza pale machipukizi ya maua yanapotokea. Unapuliza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Ukipuliza saa nne, nusu ya salfa inaondoka na upepo kwenda kwa jirani.

Kwa hiyo mimi nasema kilichobadilisha hali ni maabara. Sauti ilikuja baadaye.

#3 Bint_Mikindani

Kaka Salfa, soma miaka uliyoandika mwenyewe. Uzalishaji ulianza kuporomoka baada ya 1974. Ubwiriunga umeonekana 1979. Miaka mitano hiyo ya kwanza ugonjwa gani ulikuwa unakausha maua?

#4 Salfa_Alfajiri

Dada, hapo nakubali. Mwanzo wa kuporomoka si ubwiriunga. Ila kuongezeka kwa anguko miaka ya 1980 ni wake, na hilo silirudishi nyuma. Tena shamba lililotelekezwa ndilo lililokuza ugonjwa: matawi yamesongamana, hewa haipiti, machipukizi ya ndani yanabaki na kivuli na unyevu. Maelezo yako na yangu yanakutana shambani.

#5 Mmatumbi_wa_Kibata

Mnaanzia karibu sana. Hoja hii kwetu ina umri wa Vita vya Majimaji, 1905.

Fikra iliyotawala wakati wa Mjerumani ilisema Mwafrika hafanyi kazi mpaka alazimishwe, na kwamba pamba itamstaarabisha. Mpango wa mashamba ya pamba ya jumuiya ulitaka kila mtu atoe siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: wafanyakazi, jumbe, na chombo cha kuuzia. Fungu la wafanyakazi likigawiwa kwa vichwa vyote, mtu hapati hata cha kulipia kodi ya nyumba. Wamatumbi walijibu kwa ufupi. Mwishoni mwa Julai 1905, pale Nandete, waling'oa miche ya pamba. Kung'oa mche kulikuwa ndiyo tangazo la vita.

Kinjekitile, mganga aliyegawa maji ya dawa, ndiye aliyetoa amri hiyo, na kwa ajili yake vita vikaenea hadi Songea. Wakashindwa kwa bunduki na kwa njaa iliyopandwa makusudi. Lakini gavana mpya, Rechenberg, alipokuja 1906 alirudi nyuma kwenye pamba ya kulazimisha na kusukuma zaidi kilimo cha wananchi wenyewe. Waliokufa hawakuliona badiliko, lakini lilikuja.

#6 Nandete_Mjukuu

Marekebisho madogo kwa heshima. Kinjekitile alikuwa Ngarambe, na yeye alisema watu wangoje. Wamatumbi walichoka kungoja, wakang'oa pamba bila amri yake. Yeye alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza.

Ninalisisitiza kwa sababu linagusa swali la mleta uzi. Tukisimulia kwamba mganga mmoja aliamuru, tunarudia maneno ya utawala ule ule: watu wa kawaida hawawezi kuwaza wenyewe, lazima wawe wamerogwa. Na ndivyo taarifa za Wajerumani zilivyoeleza, uchawi na ushenzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini 1968 kuwahoji wazee, ndipo pamba na siku zake 28 zikarudi katikati ya simulizi. Wazee walikuwa wanalisema hilo miaka sitini. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

#7 Mmatumbi_wa_Kibata

Nimepokea. Shukrani kwa kunisahihisha.

#8 Mahuta_Leo

Mimi nina jibu fupi kwa mleta uzi: sauti peke yake haifanyi kitu. Kinachofanya kazi ni kugoma.

Oktoba 2018, Newala na Tandahimba. Wanunuzi wameleta zabuni za chini, kati ya 1,900 na 2,700 kwa kilo. Wakulima kwenye mkutano wa mnada wakasema hapana, korosho inabaki ghalani. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza 3,300, na jeshi likaingia kubeba. Hakuna makala iliyoandikwa wala semina iliyofanyika. Watu walikunja mikono tu.

#9 Bint_Mikindani

Na baada ya kukunja mikono? Malipo yalikwenda taratibu mno, uhakiki ukawa mrefu, wengine walivuka msimu bila senti. Pia bei ya dunia ilikuwa imeshashuka. Watu walikumbuka 2017/18 ambapo baadhi ya minada ilipita 4,000. Kugoma kulizuia bei mbaya ya wiki ile. Fikra kwamba bei inapangwa na mtu mwingine, mkulima anajibu tu ndiyo au hapana, hiyo ilibaki pale pale.

#10 Mahuta_Leo

Dada, kupewa nafasi ya kusema hapana ni badiliko kubwa. Enzi za mamlaka ya korosho mkulima hakuulizwa.

#11 Karani_wa_Mizani

Naomba nafasi niandike kwa kirefu, kwa sababu humu tunasema "sauti" kana kwamba ni kelele. Kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani sauti ya mkulima ni karatasi, na karatasi ikiwa na tundu, sauti inavujia hapo.

Mfumo ulianza kwa korosho msimu wa 2007/08, Mtwara, chini ya sheria ya 2005. Njia yake mnaijua: unaanika korosho juani siku mbili hadi tatu, unachambua zilizosinyaa, changa, zilizooza na mawe, unapeleka AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), inapimwa, unapewa stakabadhi, inafungwa kwenye gunia la juti la kilo 80, inakwenda ghala kuu, inachukuliwa sampuli, inawekwa daraja, inaingia kwenye orodha ya mnada. Ikiuzwa, fedha inapita benki baada ya makato ya mjengeko wa bei: usafiri, mtunza ghala, ushuru wa halmashauri, wa chama kikuu, wa AMCOS na kadhalika.

Sasa angalia panapoharibika. Karani anapokea korosho ina unyevu wa asilimia 12, hapimi, anaandika kilo 80. Ghalani inakauka hadi asilimia 9. Fanya hesabu: kilo 80 zenye maji asilimia 12 zina kilo 70.4 za mali kavu. Gawa kwa 0.91 unapata kilo 77.4. Kilo 2.6 zimekuwa hewa, hakuna mwizi. Kwa gunia 1,000 ni zaidi ya kilo 2,600, na kwa bei ya 3,000 hiyo ni karibu shilingi milioni 8. Upungufu huo unarudishwa kwa nani? Kwa mkulima, kwenye makato. Mkulima anasema ameibiwa. Chama kinasema maji. Na kwa sababu hakuna aliyeandika unyevu siku ya kupokea, mwizi halisi akiwepo anajificha ndani ya hayo hayo maji. Kila mtu ana haki ya kumshuku mwenzake na hakuna anayeweza kuthibitisha.

Dawa yake ni kipima unyevu mlangoni, korosho ikizidi asilimia 10 irudishwe ikaanikwe, na namba ya unyevu iandikwe kwenye stakabadhi pembeni ya kilo. Mizani nayo: angalia stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka huu. Kisha chukua gunia moja, liweke katikati ya mizani, soma. Lisogeze pembe zote nne, soma tena. Namba zikitofautiana, mizani inasimamishwa hapo hapo. Kagua pia kama uzito wa gunia tupu unatolewa mara moja au mara mbili.

Mkutano mkuu wa AMCOS ukiingia na karatasi za namna hii, mwenyekiti hawezi kusema "ninyi hamuelewi biashara". Ukiingia na hasira peke yake, atalisema hilo na ataondoka nalo.

Liwale, Aprili 2013, malipo ya pili yalikuja pungufu ya watu walivyotarajia na nyumba zikachomwa. Baadaye, msimu wa 2016/17, utaratibu wa malipo ya vipande ukaachwa, mkulima akaanza kulipwa mara moja baada ya mnada. Mahuta atasema ni moto. Mimi nasema ni moto pamoja na vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa. Sijui mizani gani inaweza kuvitenganisha.

#12 Kitangari_Juu

Karani, hii ya maji ningependa ibandikwe kwenye kila mlango wa ghala. Ahsante.

#13 Mahuta_Leo

Karani hukosi gramu! Ila umenisaidia bila kukusudia. Vitabu vilikuwepo kabla ya 2013, vikakaguliwa lini kwa nguvu? Baada ya Liwale.

#14 Karani_wa_Mizani

Na kangomba je, ule ununuzi wa magendo nje ya mfumo? Miaka yote mkulima anauza kwa bakuli gizani, hakuna sheria iliyomgusa mnunuzi mpaka kuwe na mizani halali ya kulinganisha nayo. Bakuli halikushindwa kwa kelele, na mpaka leo halijaisha.

#15 Msimbati_Upepo

Wakuu, hamuwezi kuzungumzia hoja hii Mtwara mkaruka gesi.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Maandamano ya Desemba 27, 2012 yalibeba dai moja: gesi isitoke Mtwara. Mei 22, 2013, siku ya bajeti ya nishati, ikawa vurugu, watu wakafa, jeshi likaingia mjini. Bomba likajengwa, likamalizika 2015, kiwanda cha kuchakata kikawa Madimba. Kwa kipimo cha dai lile, tulishindwa kabisa.

Lakini fikra iliyokuwa inatawala ilikuwa hii: rasilimali ni ya taifa, basi anayeishi juu yake hana la kuuliza. Leo hakuna kiongozi anayesimama Mtwara akasema hivyo waziwazi. Kila mkataba unaulizwa ajira za wenyeji ziko wapi, ushuru wa huduma unaingia halmashauri ipi, kijiji chenye kisima kinapata nini. Sera ya gesi asilia ilitoka mwaka huo huo wa 2013. Maswali yalibadilika, japo bomba halikupinda.

#16 Bint_Mikindani

Hapa napingana nawe, kaka Msimbati, na nasema kwa uchungu kwa sababu kuna familia zilizozika. Maswali kubadilika ni kitu cha bei rahisi kwa mkubwa. Anajifunza msamiati wetu, "wazawa", "ushirikishwaji", "uwajibikaji kwa jamii", anauweka kwenye hotuba, na uamuzi unabaki mezani kule kule. Walio pembezoni wakitoa maneno yao, wakubwa wanayavaa. Sisi tunaona vazi letu, tunadhani ni ndugu yetu.

Ushuru wa huduma wenyewe unatozwa kwenye mauzo yaliyotangazwa na kampuni. Diwani wa Mtwara anayathibitishaje? Anahitaji hati ya mauzo, bei ya kizio kimoja, na ujazo uliopita kwenye mita. Vitatu vyote viko Dar es Salaam.

#17 Msimbati_Upepo

Hilo la mita ni kweli na halina jibu jepesi.

#18 Sudi_Wimbi

Wavuvi mmewasahau. Miaka ya 1990, wavuvi wa pwani ya Mtwara na Lindi walikuwa wanalia na baruti. Fikra iliyotawala serikalini: mvuvi ndiye mharibifu, apelekewe elimu. Wavuvi wenyewe walikuwa wanajua nani anapiga, baruti inatoka wapi, na samaki anauzwa mnada upi.

Kipindi hicho kulikuwa na RIPS, mradi uliofadhiliwa na Finland. Ukaja utaratibu wa video: wavuvi wanarekodiwa wakieleza wenyewe, wanaonyeshwa walichosema, wanarekebisha, kisha mkanda unapelekwa kijiji cha pili na kwa viongozi. Kiongozi aliyezoea kupokea taarifa ya ofisi akakutana na mvuvi kwenye televisheni akimwambia kwamba mlinzi wa sheria ndiye anayekula samaki wa baruti. Vijiji vikaunda Shirikisho, umoja wao wa kulinda bahari, na baruti ikapungua sana kwa muda.

Na ujuzi uliotumika ulikuwa wa wavuvi. Samaki wa baruti humjui kwa macho ya nje. Mbonyeze: nyama ni laini mno kwa samaki wa asubuhi ile ile. Mpasue: damu imevuja tumboni, kibofu cha hewa kimepasuka, mfupa wa mgongo umeachia au mbavu zimetoka kwenye nyama. Kwa kuwa kibofu kimepasuka, wengi wanazama, mpigaji anaokota sehemu tu ya aliowaua. Mtaalamu wa semina hakuyajua haya. Mama anayekaanga samaki feri alikuwa anayajua.

#19 Mahuta_Leo

Na baruti ikarudi.

#20 Sudi_Wimbi

Ikarudi miaka ya 2000, ndiyo. Mradi ulifika mwisho, mafuta ya boti ya doria hayakuwa na mwenyewe, na mtuhumiwa akifikishwa mahakamani faini ilikuwa chini ya mapato ya siku moja. Fikra ilikuwa imebadilika, fungu la fedha halikubadilika. Ndiyo maana mimi siamini kwamba kubadilisha fikra kunatosha.

#21 Somoe_Ruangwa

Habari za humu. Nimesoma posti zote ishirini na nauliza: pembezoni kwa nani? Mnazungumza mkulima dhidi ya serikali, mvuvi dhidi ya ofisi. Ndani ya huyo mkulima kuna mtu wa pembezoni zaidi, naye hatajwi mpaka aliposemwa mkaanga samaki.

Watu wanapenda kusema Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua ni ukoo wa mama, kwa hiyo wanawake wa Kusini wana nguvu. Ukoo wa mama haumaanishi utawala wa mama. Ardhi inafuata ukoo wa mama, lakini msemaji ni mjomba. Kisha mkorosho ukaja. Muhogo na mtama ni mazao ya msimu, ukihama umehama. Mkorosho unakaa miaka hamsini, na aliyeupanda anataka umfuate mtoto wake wa kumzaa. Taratibu urithi ukaanza kuvutwa upande wa baba, na mama ambaye ukoo wake ndio wenye ardhi akajikuta anaokota korosho zenye jina la mume. Hakuna serikali iliyotangaza hilo. Zao lilibadilisha fikra bila hotuba.

Sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wanawake. Lakini angalia stakabadhi aliyoeleza ndugu Karani: ina jina moja. Benki inalipa jina hilo. Ruzuku ya pembejeo inafuata daftari la wakulima, nalo lina jina hilo hilo. Mama akitaka sauti kwenye mkutano mkuu wa AMCOS lazima awe mwanachama, na uanachama unataka zao lililopimwa kwa jina lake.

Kinachofanyika pale ambapo wanawake wamefaulu ni kazi ya kimya ya wakati wa kuhuisha daftari. Wanagawa shamba kwa idadi ya mikorosho: mume anasajili mikorosho mia na hamsini, mke mia moja, kila mmoja na namba yake. Kabla ya mtendaji kuandika, mipaka inatembewa na majirani wa pande nne, majina yao yanaandikwa. Makosa yanayorudia ni mawili: kusajili jina la mtoto wa kiume "kwa niaba ya mama", na kusajili shamba ambalo bado lina mgogoro wa ukoo, mjomba anakuja msimu wa mavuno kuzuia magunia.

#22 Nandete_Mjukuu

Mama Somoe, shikamoo. Posti hii imegeuza uzi.

#23 Somoe_Ruangwa

Marahaba. Msiupambe, ujibuni.

#24 Salfa_Alfajiri

Najibu kwa upande wangu. Mashine za kupuliza zinakodishwa kwa foleni, na foleni hupangwa kwa aliyesajili miti mingi. Mwanamke mwenye mikorosho mia moja anapulizwa mwisho, saa tatu au nne, umande umekauka. Salfa ni ile ile, mavuno hayalingani, halafu daftari linasema shamba la mama halizai. Takwimu hizo zikifika juu zinakuwa "ushahidi" kwamba wanawake hawawezi korosho. Hili nilikuwa naliona kama suala la ratiba tu, na ni kosa.

#25 Reli_ya_Kale

Kwa wanaosema ukweli hushinda wenyewe, nawakumbusha mpango wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu ulizunguka kwa wiki tisa, wakapendekeza zaidi ya ekari milioni tatu za karanga, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea kwetu. Mkulima wa hapa alipanda karanga kwenye vipande vidogo vya kichanga, akichanganya na mahindi au mtama, kwa sababu mvua haina ahadi. Wao wakaleta matrekta. Kongwa udongo wa mfinyanzi ukakauka kama saruji, karanga hazing'oki. 1951 mpango ukafutwa, hasara zaidi ya pauni milioni 36. Reli ilijengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea, ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Nani alishinda? Udongo. Mkulima alikuwa sahihi na hakuna aliyempa heshima hiyo. Fikra ya "kilimo kikubwa ndicho kilimo" ilikufa Kongwa ikafufuka mahali pengine.

#26 Mkwaya_Hori

Nyongeza kuhusu reli. Kipande cha kwanza kilianzia Mkwaya kwenye hori la Lindi kwenda Nachingwea. Mtwara iliunganishwa baadaye, bandari ya kina kirefu ilipotengenezwa. Tofauti hiyo ina maana kwa watu wa Lindi.

#27 Reli_ya_Kale

Sahihi kabisa. Nakubali.

#28 Mpingo_Kilwa

Napinga kwamba hakuna mfano wa ushindi kamili. Msitu upo.

Fikra iliyotawala tangu Mjerumani: mwanakijiji ni adui wa msitu, serikali ndiyo mlinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanakijiji wa Duru-Haitemba kule Babati walikataa msitu wao kufanywa hifadhi ya serikali, wakaomba waulinde wenyewe, na wakaulinda vizuri kuliko ulivyolindwa kabla. Uzoefu ule uliingia kwenye Sheria ya Misitu ya 2002. Leo kijiji kinaweza kumiliki hifadhi yake na mapato ya miti yakabaki kijijini.

Kilwa tukatumia sheria hiyo kwa mpingo. Hatua zake: mpango wa matumizi ya ardhi na mipaka iliyokubaliwa na vijiji jirani, kamati ya maliasili, kuhesabu miti kwa ukubwa, mpango wa usimamizi wenye kiwango cha kuvuna, sheria ndogo zinazopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kisha halmashauri. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vikapata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji.

Panapokwama ni mpaka. Vijiji viwili visipokubaliana mahali bonde linapoishia, kazi ya miaka miwili inasimama. Na mpingo unataka miaka sabini au zaidi kufikia kimo cha kuvunwa, kwa hiyo ukikosea hesabu ya miti leo, mjukuu ndiye atakayelipa.

#29 Bint_Mikindani

Mfano mzuri na naukubali. Ila wafadhili, shirika la uhifadhi na soko la wapiga klarineti za mpingo Ulaya walikuwepo nyuma ya cheti. Ondoa hivyo vitatu, kijiji kingesikilizwa?

#30 Mpingo_Kilwa

Duru-Haitemba hakukuwa na klarineti, dada.

#31 Tendaguru_Juu

Naomba nitoke nje kidogo ya mada. Mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, ilichimbwa na Wajerumani 1909 hadi 1913, ikabebwa vichwani na watu wetu hadi bandarini Lindi. Mjusi mkubwa amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mjusi mwingine akapewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani. Mwaka 2007 mwingine akapewa jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa uchimbaji, na 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kwa ajili ya Wamwera. Miaka karibu mia moja kutoka jina la jenerali hadi jina la mchimbaji.

#32 Mahuta_Leo

Jina limebadilika, mjusi bado yuko Berlin. Huo ndio uzi wote huu.

#33 Tendaguru_Juu

Jina kwenye jarida la sayansi halifutiki, mkuu. Mwanafunzi wa China atakayesoma mijusi lazima aandike "Wamwera". Mimi silidharau hilo.

#34 Kitangari_Juu

Wakuu, kwa upande wangu nilikuja na swali la "sauti au maafa" na sasa nina mikono sita: maabara, mgomo, karatasi, picha, sheria, na mkorosho wenyewe uliobadilisha urithi bila kuongea. Bint Mikindani anasema wakubwa wanavaa maneno yetu. Mpingo anasema sheria ilikaa. Siwezi kuamua.

Mama Somoe, swali la vitendo. Mume na mke wakishagawana miti kwenye daftari, stakabadhi zikiwa mbili, je, makato yanaongezeka kwa kuwa ni mizigo miwili midogo?

#35 Karani_wa_Mizani

Nijibu mimi. Makato yanatozwa kwa kilo, kwa hiyo mzigo ukigawanywa hayaongezeki. Panapouma ni gunia lisilojaa. Mama akileta kilo 50, AMCOS inaunganisha na kilo 30 za mtu mwingine kufikisha 80. Korosho za mwenzake zikiwa na unyevu au daraja la pili, gunia zima linashuka naye. Aombe apimwe siku moja na watu wa kikundi chake, wachambue pamoja, wajaze magunia yao wenyewe, na namba za stakabadhi zao ziandikwe kwenye orodha ya gunia hilo.

#36 Somoe_Ruangwa

Na anayeshika orodha hiyo awe mmoja wao, asiwe karani. Ndugu Karani, usikasirike.

#37 Karani_wa_Mizani

Sikasiriki. Nakala mbili: moja kwao, moja ghalani. Zisipolingana siku ya malipo, ya kwao ndiyo inayoanza kusomwa.

#38 Mahuta_Leo

Hiyo sentensi ya mwisho iandikwe kwenye sheria ndogo za AMCOS, halafu tuone wangapi watainyooshea mkono.